Milimita Saba

Mwanamke niliyekaa naye chumba kimoja cha kazi kwa miaka kumi na tisa alitumia maisha yake kuwaonyesha wapasuaji njia ya kupita ndani ya vichwa vya watu, na yeye mwenyewe damu haiwezi. Sisemi kwamba haipendi; damu hakuna anayeipenda. Yeye akiiona anaanguka.

Hilo aligundua mwaka wa tatu wa udaktari. Siku hiyo wanafunzi walipangwa ukutani katika chumba cha upasuaji, na mpasuaji mkuu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bingwa, akapasua ngozi ya kichwa cha mgonjwa na kuuliza ni nani anayeweza kumwambia hapa ni wapi. Kabla hajajibiwa, msichana wa tatu kutoka mlangoni alikwenda chini na kupasua nyusi kwenye pembe ya meza ya vyombo. Bingwa alimmaliza mgonjwa wake, akavaa glavu nyingine, akamshona nyuzi nne akiwa amelala kwenye benchi la ukumbini.

"Binti," alimwambia, "wewe tafuta kazi ya kukaa."

Akaitafuta. Aliacha udaktari akaingia fizikia, kutoka fizikia akaingia kompyuta, na baada ya miaka sita ya kusoma mbali na kwao alirudi hospitali ileile na shahada ya juu kabisa. Hospitali ilimpokea kwa heshima na kumpa chumba cha chini ya ardhi, kati ya dobi na stoo ya vitanda vibovu. Humo ndimo nilimokuwa mimi, fundi wa mitambo, na vyuma vyangu. Tulisogeza meza zangu, yake ikawekwa ikitazamana na yangu. Nilipomwambia nimesogeza kabati kidogo apate kupita, aliniuliza, "Kidogo ni milimita ngapi?" Nikadhani ananitania. Hakuwa akinitania. Kuanzia siku hiyo mbele yake nilimwita Dokta, nyuma yake nilimwita Milimita, na jina la nyuma ndilo lililoenea.

Mama yake alikuwa karani wa mahakama. Majirani walipomuuliza yule binti aliyekuwa akisomea udaktari yuko wapi, alijibu, "Yuko hospitali." Hakusema uongo. Alikuwa amepiga chapa hukumu nyingi, na thamani ya nusu ya ukweli aliijua. Tatizo ni kwamba ndugu waliiamini. Shangazi yake alikuwa akimpigia simu kila mwezi kuhusu magoti.

"Shangazi, mimi si daktari wa magoti."

"Wa nini basi?"

"Wa picha."

"Haya. Binamu yako anaoa mwezi ujao. Njoo na kamera."

Lakini picha zake hazikuwa za harusi. Mgonjwa mwenye uvimbe kichwani hupigwa skani siku moja kabla ya upasuaji. Zinatoka picha mia na zaidi, nyembamba kama vipande vya mkate, na kompyuta inavipanga mpaka vinakuwa kichwa kizima. Milimita alitaka kichwa hicho kimfuate mgonjwa hadi mezani. Alisimamisha kamera juu ya meza ya upasuaji, akafunga vipira vinavyong'aa kwenye sindano ya mpasuaji, na kompyuta ikawa inajua ncha ya sindano iko wapi hata ikiwa imezama haionekani. Kwenye skrini paliwaka alama ya kijani juu ya picha: uko hapa. Ni kama kumpa mtu ramani ya nyumba kabla hajaingia gizani.

Bingwa aliposikia, alisema ameingia kwenye nyumba hizo miaka thelathini na hajawahi kumuuliza mtu njia.

Kwa hiyo tulianza na maboga. Nilikuwa nayanunua sokoni manne manne, tunayatoboa, tunaficha punje ya haragwe ndani, tunayapiga skani, kisha tunaitafuta punje kwa sindano. Watu wa dobi waliamini tunapika. Mwaka wa pili tulikuwa tukiipata punje kila mara, na tukikosea, tunakosea chini ya milimita moja. Milimita alifurahi kwa namna yake: aliandika tarakimu kwenye ubao, akairudia kwa wino.

Mkurugenzi wa hospitali alishuka siku moja kuulizia mvuke wa dobi, akapotea mlango, akaona boga limevaa vipira vinavyong'aa. Aliuliza maswali matatu, na kabla ya mwisho wa mwezi palikuwa na uzinduzi. Mgeni rasmi alikata utepe kwa mkasi wa upasuaji, na Sista Mkuu, muuguzi aliyetawala chumba cha upasuaji kuliko daktari yeyote, akampokonya mkasi kwa tabasamu na kuupeleka kuchemshwa upya. Mgeni akashikishwa sindano, akaipata punje, akapigiwa makofi. Mkurugenzi aliipa mashine jina, Jicho Lisilokosea, likachongwa kwenye kibao cha shaba. Milimita alimwambia kwamba inakosea, ila kidogo. Mkurugenzi akamjibu kwamba kwenye shaba hakuna nafasi ya kuandika "ila kidogo".

Bingwa aliamriwa aitumie. Akaitumia kama mtu anayevalishwa viatu vya mwenzake.

Wagonjwa kumi walipita salama. Milimita alikuwepo kila mara, maana ni yeye aliyeisoma skrini kwa sauti, lakini alikuwa ameiweka skrini hiyo mahali ambapo akiisoma, mgongo wake unaelekea meza. Kwa miezi minane aliongoza sindano kwenye vichwa vya watu bila kuona hata kimoja.

Mgonjwa wa kumi na moja alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, mtu mrefu mwenye utani wa taratibu. Jioni kabla ya upasuaji aliomba kuonyeshwa picha za kichwa chake. Milimita alimletea kompyuta kitandani.

"Mimi kazi yangu ni ramani," mwalimu alisema. "Hii imechorwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Na upasuaji kesho. Sasa mto ukihama usiku?"

Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni akimmenyea chungwa, alicheka. Milimita alicheka pia. "Ubongo si mto, mwalimu," alimwambia.

Asubuhi yake, mimi nikiwa kwenye kona na nyaya za mashine kama kawaida, kichwa kilifunguliwa, sindano ikaingia, alama ya kijani ikasogea kwenye skrini mpaka ikatua katikati ya uvimbe.

"Tumefika," Milimita akasema, mgongo ukiwa kwetu.

"Sioni uvimbe," Bingwa akasema.

"Tupo katikati yake."

"Mkono wangu unasema bado."

"Skrini inasema tumefika, Dokta."

Kila mtu chumbani alikuwa amesoma waraka wa mkurugenzi uliosema mashine ifuatwe. Bingwa akakata kipande alichoonyeshwa na kukipeleka maabara. Tulingoja dakika ishirini na tano. Simu ilipolia, Sista Mkuu aliipokea, akasikiliza, akaiweka chini polepole.

"Wanasema ni nyama nzima," alisema. "Haina ugonjwa."

Ningependa kusema Bingwa alifoka. Hakufoka. Aliomba skrini igeuzwe kando, akaendelea kwa mkono wake mwenyewe, na milimita saba chini ya pale tulipokuwa "tumefika" akaukuta uvimbe na kuutoa wote.

Mwalimu aliamka. Alitembea, alikula, alimjua mkewe. Lakini majina ya vitu yalikuwa yamemtoka. Kijiko kilikuwa "ile ya kuchotea". Dirisha lilikuwa "pale pa mwanga". Mkewe alimwita "mwenye nyumba", naye mkewe akacheka vizuri mbele yake, kisha akaenda ukumbini na kusimama akitazama ukuta. Milimita alimpita hapo. Alirudi chini, akakaa kwenye kiti chake, na siku nzima hakugusa kitu.

Kesho yake mkurugenzi alimwita. Nilikwenda naye kwa sababu nilikuwa na rekodi za mashine.

"Mgonjwa yu hai," mkurugenzi alisema. "Uvimbe umetoka. Sasa kosa liko wapi?"

"Milimita saba."

"Milimita saba ni nini? Kucha yangu inazidi."

"Kwenye boga si kitu. Kwenye kichwa cha mwalimu ni majina ya vitu vyote."

Mkurugenzi alieleza, kwa upole kabisa, kwamba baada ya miezi miwili wangekuja waamuzi wa tuzo kubwa kuiona mashine, na kwamba hakuna aliyeuliza chochote, na kwamba swali lisiloulizwa halina haja ya jibu. Alitupa chai. Sikumbuki kama niliinywa.

Jumamosi hiyo Milimita alikwenda kwa mama yake, akamkuta anapiga pasi. Mama yake mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Alimsikiliza mpaka mwisho, bila kuiweka pasi chini.

"Miaka thelathini na mbili nimepiga chapa hukumu," alimwambia. "Nimeona walioponzwa na kusema, mwanangu, sikufichi. Lakini si wengi kama walioponzwa na kuficha. Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Na wakinifukuza?"

"Utakuja hapa. Chumba chako nimekijaza mafaili, lakini kitanda bado kipo."

Jumatatu akapanda wodini. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, mkewe kando yake, Sista Mkuu akibadilisha bandeji. Milimita alisimama miguuni pa kitanda na kusema yote: kwamba mashine ni yake, kwamba ilionyesha mahali pasipo penyewe, kwamba daktari alisita na yeye ndiye aliyemwambia wamefika. Hakusema "tulikosea". Alisema "nilikosea".

Mwalimu alimtazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatafuta.

"Mto," akasema hatimaye. "Mto ulihama."

Mkewe hakuelewa mara moja. Milimita alielewa, akashika chuma cha kitanda. Sista Mkuu yeye alichukua kalamu na kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa, saa nne na robo, ametaja jina la kitu bila kusaidiwa.

Wiki zilizofuata tulifungua rekodi za wagonjwa wote kumi na mmoja. Jambo lenyewe halikuwa fumbo. Fuvu likifunguliwa, maji yanayouzunguka ubongo yanachuruzika, na ubongo unazama kidogo kama godoro lililotolewa hewa. Kwa huyu milimita mbili, kwa yule nne. Wale kumi walinusurika kwa sababu uvimbe wao ulikuwa mkubwa, ukikosea katikati unaangukia pembeni, na pembeni bado ni uvimbe. Skrini ilikuwa ikituonyesha, kwa usahihi wa ajabu, kichwa cha jana.

La kuuma zaidi ni kwamba si kitu kipya duniani. Wengine walishakiandika. Milimita aliitoa kabatini tasnifu yake, ile iliyompa udokta, akaifungua ukurasa wa arobaini na saba na kunipa.

"Soma mstari wa tano. Kwa sauti."

Nikasoma: "Katika hesabu zote zinazofuata, tunachukulia kwamba ubongo hausogei."

"Maprofesa watatu waliusoma ukurasa huo," alisema. "Mmoja akaweka alama ya vyema."

Aliandika makala ya kueleza jinsi mashine yake ilivyokosea, mgonjwa kwa mgonjwa, namba kwa namba. Mkurugenzi akakataa kuitia saini. Ilihitaji saini ya daktari mkuu mmoja, na tukajua hakuna atakayeitoa. Bingwa alishuka chini kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikitazama chumba, akatazama boga moja lililosahaulika juu ya kabati, akaomba kalamu.

"Usinishukuru," alimwambia. "Mimi nilijua hatujafika, na nikafuata skrini. Kosa ni la wawili. Andika hivyo, kisha niweke jina."

Akaandika hivyo. Waamuzi wa tuzo hawakuja, walituma salamu.

Ikabaki kuitengeneza mashine. Dawa yake ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu: kupata picha mpya baada ya fuvu kufunguliwa, si kutegemea ya jana. Mashine ya skani haiingii chumba cha upasuaji, lakini wodi ya wazazi ilikuwa na ultrasaundi kuukuu, ya kuwatazamia watoto tumboni, ambayo nilikuwa nimeambiwa niitupe. Niliifufua. Ukiigusisha kwenye ubongo wenyewe inaonyesha uvimbe uliko sasa hivi. Shida ni kwamba picha zake ni kama ukungu, na ili kuzilinganisha na za skani lazima mtu akitazame kichwa kilichofunguliwa, aseme mkunjo huu ndio ule. Na hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuzisoma zote mbili. Ile kazi ya kukaa ilikuwa imefika mahali pa kusimama.

Asubuhi ya kuijaribu kwa mgonjwa wa kwanza, Sista Mkuu aliweka kigoda nyuma ya Milimita, kisicho na magurudumu. Akanigeukia mimi. "Fundi, simama hapo. Akianguka, utajibu wewe."

Milimita alisogea mezani. Nilikuwa tayari nimenyoosha mikono. Alitazama chini.

"Unacheza," alisema.

"Nini?" Bingwa akauliza.

"Ubongo. Unapanda na kushuka."

"Unafuata moyo. Siku zote unacheza, binti. Kwani wewe uliandika nini?"

Macho yalimlegea juu ya barakoa, nikadhani sasa ndiyo safari ya chini, lakini alikuwa anacheka, kile kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa shati kinyume mchana kutwa. Kisha akanyoosha mkono akaonyesha mkunjo mmoja, na wa pili, na wa tatu, akizitaja namba kwa sauti ileile ya kusomea skrini. Sababu ya kutonikuta nyuma yake alipogeuka ni kwamba na mimi nilikuwa sijawahi kutazama, na nilipotazama nilikaa kwenye kile kigoda, kichwa katikati ya magoti. Sista Mkuu alinipa maji. Jambo hilo lilijulikana mpaka dobi.

Siku hizi pembeni ya ile alama ya kijani kuna namba ya pili: huenda nimekosea kwa kiasi hiki. Ikizidi milimita tatu, alama inageuka njano na mpasuaji lazima asimame, picha zichukuliwe upya. Bingwa aliitumia hivyo mpaka alipostaafu, na alipoulizwa na wapasuaji vijana kama anaiamini alisema anaiamini kwa sababu ndiyo pekee humo ndani inayokiri.

Ile makala ya makosa ikawa ndiyo iliyosomwa kuliko vyote alivyowahi kuandika. Zile nyingine kumi na mbili, za kueleza jinsi mashine inavyopatia, zilisomwa na wachache, wengi wao wakiwa ni yeye mwenyewe. Alialikwa huku na huko kueleza alivyoshindwa, na kwa kushindwa huko akapewa uprofesa. Katika hafla, mkurugenzi alisema hospitali yetu siku zote imejengwa juu ya msingi wa kusema ukweli. Milimita alikuwa amekaa karibu na mama yake. Mama huyo alimwinamia na kumwambia, "Huyu angefaa mahakamani." Shangazi naye alikuwepo, akawaeleza waliokaa jirani yake kwamba mtoto wao sasa ni profesa wa magoti.

Mwalimu alirudi darasani baada ya mwaka na miezi. Chaki bado inamkimbia mara mojamoja, anaiita "ile nyeupe", na wanafunzi wamejifunza kumpa bila kucheka. Milimita anamtembelea. Hawazungumzii sana yale mambo. Mwalimu humwonyesha ramani alizosahihisha, yeye humsikiliza, na mkewe haendi tena kusimama akitazama ukuta, ingawa hakuwahi kusema kwamba amesamehe, wala hakuna aliyemtaka aseme.

Mwaka huu ilikuja barua kutoka hospitali moja kubwa iliyotaka kununua mashine kama ile. Waliisifu aya mbili nzima. Mwisho waliomba kitu kimoja tu: ile rangi ya njano iondolewe, maana inawatia wasiwasi wapasuaji, na siku ya uzinduzi haitapendeza.

Milimita aliisoma mara mbili, akanipa niisome.

"Utawajibu nini?" nikamuuliza.

"Kwamba njano ndiyo mashine. Kilichobaki ni skrini."

Wakanunua kwa watu wengine. Nilisikitika kidogo, maana nilishaanza kuwaza safari. Yeye alikuwa ameshachukua faili la mgonjwa wa kesho, mama mmoja muuza vitambaa ambaye alikuwa amekataa kutia saini mpaka aonane na mwenye mashine. Lifti ilikuwa mbovu, akapanda ngazi. Nilipopeleka nyaya juu baadaye nilipita mlangoni pa wodi, wangali wameketi, na yule mama alikuwa akimwuliza swali la tisa au la kumi, naye akamjibu, "Hilo silijui. Tuendelee."